Mtoto Anapotumwa Dukani

Nguvumali, kama ilivyo kwenye kata nyingine za Jiji la Tanga, wanaokwenda dukani ni watoto. Mama ameshabandika chungu, mafuta yamekwisha, anamwita mwanawe wa miaka saba na kumpa kichupa na noti. "Nenda kwa Mangi, mafuta ya mia tano, sabuni ya kufulia moja, na chenji uniletee." Mtoto anatoka mbio, peku, akiyarudiarudia maneno aliyotumwa asije akayasahau kabla ya kufika. Kazi hiyo huianza kabla hajajua kusoma, na siku nyingine huifanya mara tatu, nne. Sisi tumeizoea hata hatuioni. Mtu anayetaka kuuza bidhaa anaiona vizuri sana: katika mitaa yetu, pesa ya nyumba hupita kwenye kiganja cha mtoto.

Mfuate mpaka dukani. Dirisha la duka lina nondo na wavu. Mchele, unga na maharage vimo ndani, kwenye magunia na ndoo, vikisubiri kupimwa. Kwenye wavu wenyewe, kuanzia kifuani kwa mtu mzima kushuka chini, zinaning'inia pakiti za rangi kali: bablishi, pipi kijiti, biskuti, krispi, juisi za unga. Kimo hicho ni cha macho ya huyo aliyetumwa. Muuzaji anauliza, "Sabuni gani?" Mama hakutaja jina, alisema sabuni tu, kwa hiyo jina analitaja mtoto, na jina lililo karibu na ulimi wake ni lile lenye wimbo. Kisha inakuja chenji. Sarafu ya shilingi 50 haipo, basi anapewa pipi. Anarudi nyumbani na sabuni aliyoichagua yeye pamoja na pipi ambayo hakuna aliyemtuma, na mama, chungu kikiwa kinamuungulia, hana nafasi ya kumrudisha.

Nimeanza na duka kwa sababu matangazo yanayolenga watoto huzungumzwa sana kwa mifano ya ughaibuni: supamaketi, kitoroli, mtoto aliyekaa ndani ya kitoroli akilinyooshea kidole boksi la rangi. Huko mtoto anaomba na mzazi analipa. Kwetu mara nyingi mtoto ndiye anayelipa, kwa pesa ya mzazi, na mzazi mwenyewe hayupo. Njia ya mfanyabiashara kuingia katika matumizi ya nyumba ni fupi zaidi hapa kuliko kule, na kinga tuliyonayo ni ndogo zaidi.

Masoko matatu ndani ya mtoto mmoja

Marekani jambo hili lilifanywa taaluma. James McNeal, profesa wa masoko wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, aliwachunguza watoto kama wateja kwa miongo kadhaa, na mwaka 1992 alichapisha kitabu Kids as Customers. Alimhesabu mtoto mmoja kuwa masoko matatu kwa pamoja. Kwanza ni mnunuzi wa sasa, wa vijisenti vyake vya mfukoni. Pili ni mshawishi wa pesa ya wazazi, ambayo ni nyingi mno kuliko yake. Tatu ni mnunuzi wa kesho: jina akilizoea akiwa na miaka mitano, kuna matumaini atalinunua akiwa na thelathini. Sisi wazazi tuna kawaida ya kuliona soko la kwanza tu, lile la pipi ya hamsini, tukasema ni mambo ya watoto. Lakini fedha iko kwenye soko la pili. Dawa ya meno, majarini ya kupaka mkate, sabuni ya kuogea, unga wa kutia kwenye maziwa, king'amuzi, viatu vya shule: vyote hivyo hununuliwa na mtu mzima, na kwa vyote mtoto ana kauli.

McNeal akaenda mbele zaidi, akazipanga namna za watoto kuwalilia wazazi katika mafungu saba. Mama yeyote wa Nguvumali angempa orodha hiyo bila kwenda chuo. Kuna kubembeleza: "mama, mama, nnunulie, mama." Kuna kung'ang'ania, ambako neno moja husemwa tangu asubuhi hadi magharibi. Kuna kulazimisha, yule anayekwambia usipomnunulia atamwambia baba. Kuna kujitupa chini mbele za watu, akagaragara mpaka ukaona haya. Kuna kujipendekeza: leo amefagia uwanja bila kuambiwa, na anakuita mama yake mzuri. Kuna kutishia, kwamba hatakula au atahamia kwa bibi. Na kuna kutafuta huruma: wenzangu wote wanacho, mimi peke yangu nachekwa.

Hii ya saba ndiyo inayomuumiza mzazi maskini kuliko zote. Kujitupa chini kunaweza kuzuiwa kwa jicho moja la mama wa Kitanga. Lakini mtoto anayesema anachekwa darasani hasemi uongo, na mama anajua hasemi uongo, kwa kuwa hata yeye alikuwa mtoto. Tangazo linalofika kwa watoto wote wa darasa kwa siku moja linatengeneza hali ambayo mmoja akikosa anaonekana amekosa. Begi lenye picha ya Spider-Man lina kazi ileile ya begi jeusi la kitambaa. Tofauti yake iko machoni mwa watoto wengine, na tofauti hiyo imetengenezwa kwa makusudi, kwa gharama kubwa, mbali na hapa.

Makusudi hayo hayakufichwa. Mwaka 1998 kampuni moja ya Marekani iliyofanya kazi ya kununua nafasi za matangazo, Western International Media, iliagiza utafiti juu ya kero hii hii ya kulilia. Akina mama wenye watoto wa miaka mitatu hadi minane waliombwa kuandika kila mara watoto wao walipowaomba kitu, wakaandika kwa muda wa wiki tatu. Waliosimamia kazi hiyo walieleza baadaye, mbele ya kamera, kwamba nia yake haikuwa kuwasaidia wazazi kukikabili kilio. Walitaka kujua ni kilio gani kinachofungua pochi, na ni mzazi wa hali gani anayelegea mapema, ili matangazo yapangwe kumfanya mtoto alilie vizuri zaidi. Nikilisoma jambo hilo hasira hunipanda, na sioni sababu ya kuificha. Upendo wa mama kwa mwanawe umepimwa kama barabara ya kupitishia mizigo. Mtoto amefanywa dalali ndani ya nyumba ya mama yake, dalali asiyelipwa na asiyejua kwamba ni dalali.

Watu wetu wana methali ya kumaliza mjadala huu: mtoto akililia wembe, mpe. Nimeisikia ikisemwa barazani kwa mzazi anayelalamika, kwa maana ya kwamba mwache aonje, ataacha mwenyewe. Methali ni ya kweli kwa wembe. Wembe hukata saa ileile, damu ikaonekana, na mtoto akaelewa kilichomkata. Sukari haikati hivyo. Jino hutoboka taratibu, na siku linapouma hakuna mtoto anayeweza kuliunganisha na juisi alizokunywa miaka miwili nyuma. Tena wembe wa methali ulikuwa wa mule mule nyumbani, umesahaulika ukingoni mwa kitanda. Hakuna aliyekaa ofisini akipanga namna ya kumfanya mtoto aulilie.

Ubuyu wa bibi na katuni ya runinga

Sitaki mtu anielewe kwamba zamani watoto wa Tanga hawakununua kitu. Mwambao wote una biashara ya watoto iliyo kongwe. Kuna ubuyu uliotiwa rangi unaobakia mdomoni mpaka jioni, kuna kashata, visheti, achari ya embe, barafu za mifuko, mihogo ya kukaanga yenye chumvi na pilipili, karanga za kupimwa kwa kifuniko. Kuna Idd, siku ambayo mtoto huzunguka kwa jamaa akipokea mkono wa Idd mpaka mfuko wa kanzu mpya ukawa mzito, kisha akaenda kiwanja cha Tangamano kuzimaliza pesa zote kwenye maputo, miwani ya plastiki, saa zisizotembea na bunduki za maji. Hiyo ni biashara, na muuzaji anapiga kelele, na rangi ni kali, na mtoto anadanganyika. Mimi nina furaha kwamba ipo.

Lakini muuza ubuyu ni mtu wa mtaa. Anamjua mtoto ni wa nani. Akimuona ana noti ya elfu kumi atamuuliza ameipata wapi, na pengine atamfuata mpaka nyumbani. Akiuza kitu kibovu mama atamfuata yeye, shikamoo ikisemwa kwanza na maneno makali yakifuata. Biashara yake ina uso, na ina mwisho: Idd ikipita, Tangamano huwa kiwanja tena. Aliyetengeneza katuni ya kwenye pakiti hamjui mtoto huyu, hatapatikana barazani, na hana siku ya kufunga.

Tofauti hiyo imekua ndani ya kizazi kimoja. Tanzania Bara iliishi miaka mingi bila runinga, wakati Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Watoto wa Bara walikuwa na redio, na wengi waliokulia enzi hizo wanakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, hadithi zinazosimuliwa huku nyumba nzima imenyamaza. Mwaka 1994 ITV ikaanza kurusha matangazo, vituo vingine vikafuata, na kituo cha kibiashara hula kwa matangazo ya bidhaa. Hapo picha na wimbo vikaingia sebuleni pamoja, vikarudiwa mara kumi kwa siku, na mtoto ambaye bado hajui kusoma akaweza kuimba jina la majarini kutoka mwanzo hadi mwisho.

Leo jina moja linaweza kumzunguka mtoto pande zote. Chukua Azam, jina la kampuni za Said Salim Bakhresa, ambalo hakuna mtoto wa mwambao asiyelijua. Limo kwenye aiskrimu inayosukumwa mtaani, kwenye juisi ya embe na ya ukwaju, kwenye maji, kwenye king'amuzi kilicho sebuleni, kwenye timu ya mpira iliyotwaa ubingwa wa ligi msimu wa 2013/14, na kwenye boti za kwenda Unguja. Ni kampuni ya nyumbani, imeajiri watu wetu wengi, na sisemi imetenda kosa kwa kujulikana. Ninasema tu kwamba mtoto wa miaka mitano hawezi kutenganisha mahali mpira unapoishia na juisi inapoanzia, na kwake kuipenda timu na kuipenda aiskrimu ni jambo moja.

Uwezo huo wa kutenganisha huja na umri, nayo si nadharia ya mtu mmoja. Jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilipitia tafiti zilizokuwapo na mwaka 2004 likahitimisha kwamba watoto walio chini ya miaka minane kwa kawaida hawaelewi kuwa tangazo lina nia ya kuwashawishi. Wanalipokea kama habari. Wakiambiwa kinywaji hiki kinatia nguvu, basi kinatia nguvu, kama vile wakiambiwa Mombasa iko kaskazini ya Tanga. Miaka mitatu baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watoto 63 wa miaka mitatu hadi mitano vyakula viwiliviwili vilivyo sawa kabisa, kimoja kimefungwa kwenye karatasi tupu na kingine kwenye karatasi ya McDonald's. Watoto walisema cha kwenye karatasi yenye nembo ndicho kitamu. Walisema hivyo hata kwa karoti. Na waliokuwa na runinga nyingi nyumbani ndio walioelemea zaidi kwenye nembo.

Nilijaribu kufikiri karoti hiyo kwa lugha ya Nguvumali, na jibu nililipata kwenye ukwaju. Ukwaju uliolowekwa jikoni, ukachujwa, ukatiwa sukari kidogo, mtoto anauita wa nyumbani kwa sauti ya kudharau. Uliofungwa kwenye boksi lenye mrija anauita juisi. Mti uliozaa ni wa aina ileile.

Siku hizi tena runinga si mlango pekee. Mama anayetaka kupika kwa amani humpa mtoto simu aangalie katuni, bando likiwapo, na sitamlaumu kwa hilo kwa sababu najua siku yake ilivyo. Kwenye simu hakuna saa ya tangazo inayoanza na kumalizika. Kuna mtoto wa nchi nyingine anafungua boksi la midoli kwa dakika kumi na tano huku akishangilia, na boksi lenyewe ndilo tangazo. Na mashine inayopanga kifuatacho imejifunza huyu mdogo hukaa wapi zaidi. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani baada ya kutuhumiwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi ili kuwaelekezea matangazo. Mtoto wa Tanga alitazama video kwenye jukwaa hilohilo.

Bango la shule

Kama kungekuwa na mahali pa kupumzika na haya yote, pangekuwa shuleni. Lakini tazama mabango ya shule katika nchi hii. Jina la shule katikati, mwaka au sanduku la posta chini yake, na juu au pembeni nembo ya soda, Coca-Cola kwa hii, Pepsi kwa ile. Mtu akisafiri kwa basi kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam anaweza kuyahesabu njiani mpaka akachoka. Mtoto huingia chini ya nembo hiyo asubuhi, hutoka chini yake mchana, kwa miaka yote ya shule ya msingi, na imeandikwa pamoja na jina la mahali ambapo mwalimu hufundisha kipi ni kweli. Hakuna tangazo la runinga linaloweza kununua heshima ya namna hiyo.

Makampuni makubwa ya chakula na vinywaji duniani, Coca-Cola, PepsiCo, Nestlé na Unilever yakiwamo, yaliunda muungano wao mwaka 2008 na kutoa ahadi ya hiari juu ya matangazo kwa watoto walio chini ya miaka 12, umri ambao baadaye uliongezwa hadi 13. Ahadi hizo hupimwa kwa kuangalia ni sehemu gani ya watazamaji wa kipindi ni watoto. Bango la shule ya msingi halina watazamaji wa kupimwa. Wote ni watoto.

Najua namna mabango hayo yanavyofika. Shule ina jengo na haina fedha ya bango, anakuja mtu na bango tayari, la bure, na mwalimu mkuu anashukuru. Ningekuwa mimi ningeshukuru pia. Ndiyo maana sioni kwamba lawama ni ya mwalimu mkuu, kama ambavyo lawama ya pipi za chenji si ya Mangi, anayeishi kwa faida ya shilingi ishirini ishirini, wala ya mama aliyelegea siku ya tatu ya kulilia. Kila mmoja wao yuko peke yake mbele ya kampuni yenye wataalamu wa saikolojia. Kumwambia mama huyo awe imara ni kumwongezea mzigo mtu ambaye tayari ana wa kwake.

Na mzigo unahesabika. Watoto wawili wakitumia shilingi 300 kila mmoja kwa siku ya shule, kwa siku 22 za mwezi, nyumba imetoa shilingi 13,200. Kwa anayeuza vitumbua asubuhi, hiyo ni fedha ya maharage, dagaa na mboga za siku kadhaa. Soda ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtoto wa darasa la pili chupa hiyo moja inakaribia kuumaliza ukomo wote. Wakati huohuo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tunao watoto wasiopata chakula cha kutosha kuwajenga, na tunao wanaopata sukari wasiyoihitaji, na mara nyingi ni mtoto yuleyule.

Uchungu wake kwa Tanga ni kwamba mji huu una maziwa. Tanga Fresh inakusanya maziwa ya wafugaji wadogo waliojiunga katika chama kikuu cha ushirika wa maziwa cha mkoa. Madafu yapo, mabungo yapo kwa msimu wake, machungwa ya Muheza yanamwagika barabarani. Chungwa halina kampuni ya kulitungia wimbo.

Nchi nyingine zimelishika jambo hili kwa sheria. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilipiga marufuku matangazo ya biashara kwa watoto walio chini ya miaka 13 tangu mwaka 1980. Kampuni ya midoli iliipinga sheria hiyo mahakamani, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa wingi wa majaji, ikaiacha sheria isimame, kwa hoja kwamba watoto ni rahisi kurubuniwa na jamii ina haki ya kuwakinga. Sweden ilizuia matangazo ya runinga kwa walio chini ya miaka 12 mwaka 1991. Chile ilikwenda mbali kuliko hao: kuanzia 2016 vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi vinabandikwa alama nyeusi mbele ya pakiti, katuni zimeondolewa kwenye pakiti hizo, haviuzwi shuleni wala havitangazwi kwa watoto. Watafiti waliofuatilia manunuzi baada ya hapo walikuta ununuzi wa vinywaji vyenye sukari nyingi umepungua kwa karibu robo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane na ahadi za hiari, zitunge kanuni za lazima.

Atakayesema hayo ni ya wenye uwezo, namkumbusha ya kwetu. Tanzania ina kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala ya watoto wachanga, zilizotokana na mwongozo wa kimataifa wa 1981 na kuandikwa upya mwaka 2013. Kopo la maziwa hayo halitakiwi kuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka, na muuzaji haruhusiwi kumgawia mama sampuli za bure. Maana yake tulishakubali, kama taifa, kwamba kuna umri ambao mfanyabiashara hapaswi kupita katikati ya mama na mwanawe. Tukaishia kwa wachanga. Mtoto akishatembea na kujua njia ya dukani, ulinzi huo humwacha mlangoni.

Na uwezo wa kutenda tunao. Pombe za viroba zilikuwa zikiuzwa kwenye hayo maduka ya wavu, kwa bei ambayo mwanafunzi aliimudu, zikapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Mifuko ya plastiki iliondoka tarehe 1 Juni 2019, na waliosema haiwezekani sasa wanabeba vikapu. Kote kuwili kifungashio kiliguswa na biashara haikufa.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Vipindi vya watoto vinahitaji fedha, na tukifunga mlango wa matangazo huenda tukabaki na katuni za kigeni za bei rahisi. Ni kweli vinahitaji. Lakini Ubongo Kids, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2014 na kinachotengenezwa Dar es Salaam, kimefundisha hesabu kwa wanyama na nyimbo za Kiswahili, na Akili and Me kikafuata kwa walio wadogo zaidi. Wamezitumia rangi zilezile na masikio yaleyale ya watoto, kwa kitu ambacho mama hatalazimika kukilipia dukani. Fedha za kazi kama hiyo zinaweza kutafutwa kwa njia nyingine, na kodi ya soda ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sheria ya nchi itachukua muda. Tanga haina haja ya kuingoja kwa kila kitu. Halmashauri ya Jiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, chini ya sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa katika maeneo ya miji, na madiwani wakiamua wanaweza kuweka umbali kuzunguka kila shule ya msingi ambamo bango la soda, pipi au bia halisimamishwi. Afisa lishe wa jiji anaweza kukaa na wenye maduka na kuwaomba mambo mawili yasiyowapotezea faida: pakiti za watoto zipande juu ya wavu, na chenji isiyopatikana iandikwe daftarini badala ya kulipwa kwa pipi. Daftari la madeni wanalo tayari.

La bango la shule ni jepesi zaidi. Ni mabomba mawili, shiti moja ya chuma, rangi, na siku moja ya fundi wa kuchomelea. Wazazi wa darasa moja wakichanga shilingi elfu moja moja linapatikana, na mzazi mmoja kati yao huenda ndiye fundi. Hoja hiyo yeyote anaweza kuinyooshea mkono kwenye mkutano wa wazazi wa Januari, pale ajenda inapofika kwenye mengineyo.